Mtoto Anayepuuzwa Nyumbani Kwao: Kumtambua, Kuingia Nyumba Hiyo na Kuisaidia Familia

Ukisema mtoto ametelekezwa, wengi mtaani wanamfikiria baba aliyekimbia mimba, au kichanga kilichookotwa jalalani. Hayo yapo. Lakini mtoto anayepuuzwa mara nyingi yuko kwao, baba au mama yake analala chumba cha pili, na hakuna aliyempiga. Kinachomuumiza ni mambo ambayo hayakufanyika: hakupelekwa kliniki, hakuna aliyejua kama amekula, hakuna aliyemsemesha tangu asubuhi. Kofi linaacha alama siku hiyo hiyo. Kupuuzwa kunajijenga kwa wiki na miezi, ndiyo maana majirani wanazoea kabla ya kushtuka.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mjumbe wa kamati ya ulinzi wa mtoto, shangazi au jirani mwenye wasiwasi na mtoto wa nyumba fulani. Umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania Bara.

Hawezi, hajui, amezidiwa, au hataki?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na malezi, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa atoe ripoti serikali za mitaa pale mzazi au mlezi ambaye *anaweza* kumpa mtoto mahitaji hayo anapokataa au anapopuuza. Neno "anaweza" limebeba mambo mengi. Mama anayeuza mchicha na kupika mara moja kwa siku, wote wakagawana kilichopo, hajampuuza mtoto. Amekosa. Jirani yake mwenye bodaboda mbili, anayekula kitimoto baa huku mwanawe akilalia chai ya rangi, huyo ni mwingine kabisa, hata kama watoto wote wawili wamekonda sawasawa.

Kosa linakwenda pande zote mbili. Tukiuita umaskini uzembe, mama anaadhibiwa kwa sababu ya bei ya unga, na safari ijayo anamficha mtoto mgonjwa asije akasemwa. Tukiuita uzembe umaskini, mtoto anaendelea kuumia huku tukisema "maisha magumu". Kuna malezi ambayo hayanunuliwi: kumsemesha mtoto, kujua alipo jioni, kumpeleka akachanjwe chanjo ambayo ni ya bure. Hayo yakikosekana, ugumu wa maisha peke yake hautoshi kuwa maelezo.

Kwa hiyo kabla ya lolote, jaribu kujua mzazi huyu yuko wapi kati ya manne. *Hawezi*: hana kipato, hana msaidizi. *Hajui*: anaamini uji mwepesi unamtosha mtoto wa miezi minane, au degedege ni la mganga. *Amezidiwa*: sonona, pombe, kipigo cha mume, ugonjwa, mtoto mwenye ulemavu asiye na wa kumpokea. *Hataki*: ana uwezo, ameelezwa, amepewa nafasi, na bado. Nyumba nyingi zina mawili au matatu kwa pamoja. Wa nne ni wachache kuliko mitaa inavyodhani, na huwezi kumjua mpaka umewaondoa wale watatu.

Cha kutazama, kwa umri

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili anza na kadi ya kliniki. Tazama mstari wa uzito: ukilala palepale vipimo viwili mfululizo, au ukishuka, kuna jambo. Tazama chanjo za wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Kuanzia miezi 6 hadi 59, tepe ya mkono inatoa jibu kwa nusu dakika: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba. Alama ikibaki imebonyea kwenye miguu yote, mtoto ana uvimbe wa utapiamlo hata kama tepe inaonyesha kijani.

Kisha tazama kile ambacho kadi haiandiki. Mtoto mchanga mwenye afya hutafuta uso wa anayembeba na hulia akihitaji kitu. Aliyezoea kulia bila kujibiwa huacha kulia. Watu wanamsifu kuwa "mpole, hasumbui". Upole huo, akiwa pia hafuati uso wala hatabasamu, ni dalili mbaya kuliko kelele.

Wa miaka miwili hadi mitano anaweza kuficha chakula chini ya godoro, kumkumbatia mgeni yeyote anayeingia, kuchelewa kusema, au kuungua na kuanguka mara kwa mara kwa sababu hakuna anayemwangalia. Wa shule ya msingi hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, analala darasani, ana funza au mapunye yasiyotibiwa. Mwalimu akipitia daftari la mahudhurio ataona kama siku za kukosa zina mpangilio: siku za gulio, siku mitumbwi inapotia nanga, siku za kumlea mdogo wake. Kwa kijana swali ni moja: usiku huu, ni mtu mzima gani anayejua alipo?

Dalili moja haithibitishi kitu. Mtoto aliyekonda anaweza kuwa na kifua kikuu, VVU, minyoo, selimundu au tatizo la kumeza. Mchafu wa leo anaweza kuwa ametoka kucheza. Apimwe hospitali kabla ya kumhukumu mtu.

Yasiyosubiri

Hatua zote zinazofuata zinadhani una siku kadhaa za kufanya kazi kwa utulivu. Huna siku hizo kama mtoto mchanga ameachwa peke yake. Kama watoto wadogo wanalala usiku bila mtu mzima. Kama mtoto amefungiwa au amefungwa kamba. Kama kuna dalili za kuingiliwa kimwili. Au kama mtoto mgonjwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri. Tepe nyekundu au miguu iliyovimba, kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mgonjwa apelekwe kituoni kwanza, maelezo baadaye. Mengine yafike kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi bila kungoja kesho. Namba 116 ni simu ya msaada kwa mtoto na haina malipo. Kenya na Uganda pia wanatumia 116.

Na jambo moja lisijadiliwe: shauri la kuingiliwa mtoto haliitishiwi kikao cha ukoo. Mbuzi na faini za wazee zimeharibu kesi nyingi na kumrudisha mtoto mikononi mwa yule yule.

Hatua ya kwanza: andika kabla ya kusema

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika tarehe, saa, ulichokiona na ulichokisikia, kwa maneno yaliyotamkwa. "Jumanne saa 2 usiku, watoto watatu nje, mlango umefungwa kwa kufuli, mkubwa akasema mama yuko kazini" ni taarifa. "Mama yao hajali" ni maoni, na afisa ustawi hawezi kuyafanyia kazi. Andika na yanayokwenda vizuri: mama aliyempeleka mtoto kliniki kwa miguu, bibi anayeleta maziwa Jumapili. Huko ndiko msaada utakakoshikiza kamba yake.

Daftari likae kwako. Usiweke picha ya mtoto kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata kwa nia ya kuchangisha. Ataibeba picha hiyo mpaka sekondari.

Hatua ya pili: kuingia nyumbani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu watano wanaingia kwa mpigo, mwenyekiti mbele, jirani aliyegombana na mama huyo naye yumo. Mama anajibu kwa ukali, wanatoka wakisema ni jeuri. Waende wawili tu, mmoja awe mtu anayeaminika na nyumba hiyo: mhudumu wa afya, somo yake, mama mtu mzima wa jumuiya au wa msikitini. Waende asubuhi, hasa kama kuna pombe, maana mchana hamtamkuta mwenyewe hata kama mwili upo. Wasimhoji mbele ya watoto wala mbele ya mume.

Usianze na kosa. Salamu, habari za nyumbani, kisha swali linalofungua siku nzima: "Mama Rehema, hebu nieleze, kukicha siku yako inakwendaje mpaka mnalala?" Muache aongee. Ndani ya dakika kumi utasikia anatoka saa ngapi, nani anabaki na watoto, wanakula mara ngapi, maji yanachotwa wapi. Kisha uliza, "Kipi kinakuelemea kuliko vyote?" Jibu mara nyingi si ulilolitarajia. Ulikuja kwa ajili ya chakula, yeye analia juu ya kodi ya chumba, au juu ya mume anayempiga.

Ukihisi sonona, hasa kwa mama aliyejifungua ndani ya mwaka, maswali mawili yanatosha kuanzia: kwa wiki mbili zilizopita, mara ngapi umejikuta huna hamu ya kufanya kitu chochote? Mara ngapi umejisikia mnyonge au umekata tamaa? Akijibu siku nyingi kwa moja wapo, apelekwe kituoni. Akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Nendeni siku hiyo.

Baba usimruke. Kuna nyumba ambazo kila somo la malezi limemwendea mama, huku anayeshika pesa hajawahi kuulizwa swali hata moja.

Mtoto naye asikilizwe, akiwa anacheza au mnatembea. "Jana jioni ulikula nini? Nani alikupa?" ni swali. "Mama anakunyima chakula?" ni jibu ulilomlisha. Usimwahidi siri. Mwambie utawaeleza wale tu wanaoweza kumsaidia.

Hatua ya tatu: msaada uendane na sababu

Kwa asiyeweza, kitangulie kinachoingia tumboni na kinachompa mzazi muda. Uliza kwa mtendaji kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na kama imo, kama ruzuku inafika. Ada ya shule za msingi za serikali haipo, lakini daftari, sare na mchango wa uji vipo, na ndivyo vinavyomrudisha mtoto nyumbani. Ongea na mwalimu mkuu asirudishwe kwa ajili hiyo. Mtaji bila wa kukaa na mtoto haufiki mbali: mama anakwenda sokoni na mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba. Palipo na mama watano wanaojuana, zamu inafanya kazi, kila mmoja abaki na watoto siku moja kwa wiki. Mtu mmoja asiachiwe zaidi ya watatu wa chini ya miaka miwili. Kwenye nyumba ya zamu kisima na mapipa yafunikwe, ndoo za maji zisiachwe wazi, jiko la mkaa liinuliwe au lizungushiwe kizuizi, na mafuta ya taa yasikae kabisa kwenye chupa ya soda.

Kliniki ikitoa chakula dawa kwa mwenye utapiamlo mkali, kile ni dawa ya mtoto mmoja. Nyumba yenye njaa itakigawa kwa wanne na uzito hautapanda, kisha mama atalaumiwa kwamba anakiuza. Tafuteni na unga wa wale wengine watatu.

Kwa asiyejua, onyesha kwa mikono, kwenye sufuria yake. Maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6. Kuanzia miezi 6 hadi 8, milo miwili hadi mitatu kwa siku, ikianza na vijiko viwili au vitatu vya chakula na kupanda hadi nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara tatu hadi nne. Mwaka mmoja hadi miwili, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima mara tatu hadi nne, na kitu kidogo katikati, ndizi au parachichi. Kunyonya kunaendelea. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kutiririka, uongezwe karanga zilizosagwa laini, mafuta kidogo au yai. Zile "lishe" za nafaka kumi ndani ya mfuko mmoja hazihitajiki: mahindi, mtama na ulezi pamoja bado ni nafaka tu, na soya isiyoandaliwa vizuri humsumbua mtoto tumbo. Bakuli la mtoto liwe lake. Akila sinia moja na kaka zake wakubwa, huwezi kujua amekula tonge ngapi, na mama naye hajui.

Kuharisha: pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja ya maji safi, na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Wengi wanaacha zinki siku ya tatu kwa sababu choo kimetulia.

Na kumsemesha. Mtoto akitoa sauti, mrudishie sauti. Akionyesha kidole, taja jina la kitu. Mama anaweza kufanya hivyo akiwa anachambua mchele.

Aliyezidiwa ndiye anayekosewa zaidi, kwa kuwa anaonekana mzembe. Mlevi wa gongo asipewe fedha; peleka unga, maharage, sabuni, au lipa moja kwa moja dukani na shuleni. Usimwamuru aache pombe ghafla: anayekunywa sana kila siku akikata mara moja anaweza kupata degedege na kufa, aache chini ya uangalizi wa daktari. Anayepigwa na mume hafunzwi malezi, anahitaji usalama kwanza. Mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo anaweza kutumia karibu saa nzima kwa mlo mmoja, mtoto akiwa amekalishwa wima ili asipaliwe. Saa mbili za jirani mara mbili kwa wiki zitamsaidia kuliko semina. Na binti wa miaka 16 aliyezaa analea huku mwenyewe akiwa mtoto. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni, kwa hiyo mpango wa mtoto wake uhesabu na masomo yake.

Hatua ya nne: kikao kidogo, mpango mdogo

Waite wenye mchango wa kweli: baba, mjomba, bibi mzaa mama, shangazi. Wasizidi sita. Andikeni mambo matatu tu, kila moja na jina na siku. "Shangazi anakaa na mtoto Jumatatu na Alhamisi, saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana" linatekelezeka. "Familia ishirikiane kumjali mtoto" litasainiwa na kusahauliwa mlangoni. Ahadi ya mama ya kuacha kulewa isiwe moja ya hayo matatu. Weka kitu anachoweza kukifanya hata wiki mbaya: kama atakunywa, mtoto analala kwa bibi, na bibi anajua.

Wiki ya kwanza pitia mara mbili, kisha mara moja kila wiki kwa miezi miwili, kisha kila mwezi. Pima vile vile kila mara: mkono au uzito, milo ya jana, siku alizokwenda shule, nani alikuwa na mtoto jana usiku. Badilisha siku na saa za kufika. Nyumba inayojua utakuja Jumatano inafagiliwa Jumatano. Wiki ya nne hadi ya sita ndiyo ya hatari. Hamasa imeisha, shangazi amechoka, na watembeleaji nao wameanza kusema "sasa wako vizuri". Wengi wanarudi nyuma hapo, na kosa ni la wasaidizi walioondoka mapema.

Baba mwenye uwezo asiyetoa

Mama aanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, aliyezoea kuita pande zote mbili na kuandika makubaliano ya matunzo. Mama aende na cheti au tangazo la kuzaliwa, kadi ya kliniki, orodha ya gharama za mwezi na chochote kinachoonyesha kazi ya baba. Makubaliano yataje kiasi, tarehe na njia, na simu ya mkononi ni bora kwa sababu inaacha ushahidi. "Atatoa akipata" si makubaliano. Baba akikana mtoto, kipimo cha vinasaba hufanywa Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi yanayopitia mamlaka kama ustawi wa jamii au mahakama. Akigoma kutoa, shauri la matunzo linafunguliwa Mahakama ya Watoto.

Msaada ukishindikana

Kama mzazi ameelezwa, amesaidiwa, ana uwezo, na vipimo havipandi, peleka daftari lako kwa mwenyekiti na mtendaji, na hakikisha limefika kwa afisa ustawi. Omba jina la aliyepokea na uandike tarehe. Afisa atamwita mzazi wazungumze. Akikaidi, suala linakwenda mahakamani. Mahakama inaweza kuamuru usimamizi mtoto akiwa nyumbani au kumweka kwa mtu anayefaa. Makao ya watoto yawe chaguo la mwisho, hata yakiwa na vitanda vizuri.

Kumhamishia kwa ndugu kunaonekana rahisi, na ndipo tunapolegea. Kabla hajahamia, mtu aifike nyumba hiyo: atalala wapi, na nani, watoto wa nyumba hiyo wanasoma, na yeye atasoma? Nani ataosha vyombo? Nyumba ambayo watoto wote wanavaa sare asubuhi isipokuwa aliyeletwa, imepata dada wa kazi asiyelipwa. Rudi baada ya wiki mbili, tena baada ya miezi miwili, na uongee naye akiwa peke yake, mbali na shangazi aliyempokea.